Kuomba kuona faili la serikali ni bure, usikubali kulipishwa

Nianze na hili moja kwa moja kwa sababu najua kuna wanaosoma aya mbili tu kisha simu inaita: ukienda ofisi yoyote ya umma hapa Kenya, iwe ya kaunti au ya serikali kuu, ukapeleka barua ya kuomba habari, ile barua hailipiwi. Hata shilingi moja. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 kimesema wazi hakuna ada ya kupeleka ombi. Kinacholipiwa ni kopi, na hata hiyo kopi haifai kuzidi gharama yake halisi ya kutolewa na kukufikia. Basi. Hakuna pesa ya kufungua faili, hakuna pesa ya kulitafuta, hakuna pesa ya kumsubiri bosi atoke mitini.

Nimeamua kuandika kwa sababu mtaani kwetu huku Kisauni, Mombasa, kuna mtaro. Ulijengwa kwa pesa za umma, bango likasimamishwa, watu wakapigwa picha, masika ya kwanza tu maji yakaingia majumbani vilevile kana kwamba hakuna kilichofanywa. Kwenye grupu ya mtaa ikawa ni vita, huyu asema kontrakta amekula, yule asema pesa zilitoka nusu, mwengine aapa kwamba ule mtaro ulipimwa ufike hadi barabarani ukakatizwa njiani. Kila mtu ana habari yake na hakuna aliye na karatasi. Mi nkawaambia jamani, tunabishana nini na makaratasi yapo? Kuna tenda, kuna BQ yani ile orodha ya kazi na bei zake, kuna cheti cha kumaliza kazi ambacho lazima kuna mtu alikitia sahihi ndo kontrakta akalipwa. Twende tukaombe.

Nkaenda. Ofisi sitaitaja. Pale masijala nkamkuta dada mmoja, mpole kabisa, hana neno baya, lakini maswali aliyoniuliza ni yaleyale ambayo kila mtu huulizwa. "Kakangu, kwani we ni wa chama gani? Umetumwa na nani? Hizi unataka kuzifanyia nini?" Nkamjibu mi ni mkaazi tu wa huo mtaa. Akaniambia basi kuna elfu moja ya kufungua faili. Nkamuuliza kwa heshima, dadangu, na risiti? Akasema hiyo haina risiti.

Hapo pana mambo mawili na yote mawili sheria ishayajibu. La kwanza ni hilo la "unataka kuzifanyia nini". Kifungu cha 4 kinasema haki yako ya kupata habari haiathiriwi na sababu uliyoitoa, wala na vile ofisi inavyodhani kuhusu sababu zako. Yani hata wakikushuku wewe ni mpinzani wa diwani, au unaandaa kesi, au una udadisi wako tu, hiyo ni yako. Katiba ya 2010 kwenye ibara ya 35 imempa kila raia haki hii, haikusema raia mwenye sababu nzuri. La pili ni hiyo elfu moja. Malipo yasiyo na risiti hayawezi kuwa ada ya serikali, ni kitu chengine, na kila mtu wa Mombasa anajua ni kitu gani.

Sitaki kumwekea yule dada mzigo wote. Mwenye jukumu kisheria ni mkuu wa taasisi yenyewe, yeye ndiye ofisa wa upatikanaji wa habari, labda awe amemkabidhi mtu mwengine kazi hiyo. Sasa kama mkuu hakumteua mtu, hakumfunza karani wake, hakubandika hata karatasi moja ukutani, karani atafanya nini? Atafanya alivyokuta wenzake wakifanya. Na walivyokuwa wakifanya kina mizizi mirefu, tusisahau kwamba nchi hii ina Sheria ya Siri za Serikali tangu 1968, na kwa miaka mingi mtumishi wa umma alifunzwa kwamba kazi yake ni kulinda faili lisionekane. Sheria ya kulifungua imekuja 2016. Mazoea ya karibu miaka hamsini hayaondoki kwa gazeti rasmi.

Jirani yangu mmoja, bi mkubwa anayepika mahamri na mbaazi asubuhi, yeye alikwenda kuuliza habari za basari kwa ajili ya mjukuu wake. Alitaka kujua tu mgao wa wadi yake ulikuwa kiasi gani na vigezo vilikuwa vipi, kwa sababu wenye uwezo walipata na wake akakosa. Akaambiwa, "Mamangu, andika barua, na iwe ya Kiingereza." Bi mkubwa akaenda saiva akalipa achapiwe, akalipa na kuprintiwa, barua yenyewe hajui hata imeandikwa nini. Niliposikia iliniuma sana. Kifungu cha 8 kinasema ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Na kama mtu hajui kuandika, au ana ulemavu unaomzuia, ni kazi ya ofisa kumsaidia, mtu anasema kwa mdomo, ofisa anaandika, kisha mwombaji anapewa nakala yake. Wanaweza kuwa na fomu yao, sawa, lakini hawaruhusiwi kukataa ombi lako kwa sababu tu hukutumia hiyo fomu. Bi mkubwa hakustahili kutoa hata ndururu kwa ile barua.

Tukija kwenye kopi zenyewe. Neno la sheria ni gharama halisi. Fotokopi mjini kwetu mtu analipa shilingi tano, kumi, kwa ukurasa, na huyo mwenye duka ana kodi ya kulipa na bado anatia faida. Kwa hivyo ukiambiwa kurasa arobaini ni elfu tatu, omba hesabu. Si kwa ugomvi, omba tu, kwa sababu kifungu cha 11 kinataka wakikukubalia wakuandikie ada ni kiasi gani, wameifikiaje, na inalipwa vipi. Ukilipa, wana siku mbili za kazi kukupa. Na kama hiyo hati iko kwenye kompyuta, mi nashauri kila mara omba kwa imeili, maana gharama halisi ya kutuma faili la PDF ni nini? Au omba ukaisome palepale ofisini, uandike unachotaka kwenye daftari lako. Mara nyingi unachokitafuta ni ukurasa mmoja tu ndani ya rundo.

Kuna watu watachanganya hili na mambo kama kusachi shamba kwenye ofisi ya ardhi, au cheti cha kuzaliwa, au ile ada ya eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia huduma. Hizo ni huduma zengine, zina sheria zake na ada zake zilizochapishwa, ukisachi ploti utalipa na hakuna ubishi. Ninazozungumzia mimi ni hizi rekodi za vile pesa na madaraka ya umma yanavyotumika. Bajeti za wadi, mikataba, ripoti za ukaguzi, orodha za miradi, barua za kuamua nani apewe nini. Na ukweli ni kwamba nyingi ya hizi hatukupaswa hata kuziomba, kifungu cha 5 kinaitaka ofisi izichapishe yenyewe, ikiwemo habari za mikataba iliyoingia. Ombi la mwananchi lilikusudiwa kuwa la yale yaliyobaki.

Muda sasa. Hapa ndipo naomba mtu asome polepole maana wengi tunapotea hapa. Ofisi ina siku 21 kutoka siku ilipopokea ombi. Inaweza kuongeza siku 14, mara moja tu, ikiwa unachoomba ni kingi sana au ni lazima iulize kwengine, na lazima ikujulishe. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kama umekosea mlango na hati ziko ofisi nyengine, wao ndo wanatakiwa kuhamisha ombi ndani ya siku tano na kukujulisha, si kukwambia "hapa sipo, jaribu ng'ambo" ukaanza kuzunguka na jua la Mombasa. Na siku zikiisha bila jibu, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia.

Hilo la mwisho wengine hulisoma kama habari mbaya, mi naliona ni mlango. Kwa sababu kukataliwa kunakatiwa rufaa, kunyamaziwa tu hakuna pa kukupeleka. Ukikataliwa una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, yenye kaulimbiu ya "Hata Mnyonge ana Haki". Wana tawi hapa Mombasa, huna haja ya kupanda basi la Nairobi. Na si kukataliwa peke yake, hata kiasi cha ada ukiona kimezidi unaweza kuomba Tume ikipitie. Amri yake inafunga, asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu.

Lakini yote haya yanategemea kitu kimoja, ushahidi wa siku barua yako ilipopokewa. Muhuri. Ukiacha barua mezani bila muhuri kwenye nakala yako, siku 21 zinaanza lini? Hakuna anayejua. Utarudi uambiwe haijaonekana, andika nyengine. Nimeona ofisi ambazo wanapokea kila kitu kwa tabasamu ila muhuri hawatoi, ati mwenye muhuri katoka, na mtu anaondoka akidhani amefaulu. Dadangu yule wa masijala aliupiga baada ya mi kukaa pale kwenye benchi nikisubiri bila kugombana na mtu, nilimwambia tu mi nipo, akija mwenye muhuri nigongee.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya mitaro, serikali ikiwa na jambo zito haitatoa kitu. Basi tuangalie jambo zito kuliko yote yaliyowahi kupita hapa kwetu, SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Mikataba ya mkopo na Exim Bank ya China ilisainiwa 2014, treni ikaanza kukimbia kutoka Miritini Mei 31, 2017, na 2019 ikaja amri ya kontena zipandishwe reli. Tulioishi hapa tunajua ilivyokuwa. Madereva wa malori, mafundi gereji, wenye bohari, akina mama wa vyakula njia nzima ya kwenda Mariakani, kazi zikaanza kufa na watu wakaandamana mjini. Na swali lilikuwa moja, huo mkataba unasema nini hasa, bandari yetu imewekwa wapi humo ndani? Muungano wa Okoa Mombasa ukaandika barua kuomba hati. Haikutoka. Khelef Khalifa, ambaye kila mtu hapa anamjua kwa MUHURI, lile shirika la haki za binadamu, pamoja na mwanaharakati Wanjiru Gikonyo wakaenda mahakamani, Mahakama Kuu hapahapa Mombasa, mwaka 2021. Serikali ikajitetea kwamba mikataba ina vipengele vya siri na kuna usalama wa taifa. Mei 2022 Jaji John Mativo akaamua kwamba kunyima wananchi hizo hati ni kuvunja katiba, zitolewe. Novemba mwaka huohuo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaziweka hadharani hati za mkopo.

Siku zile watu walikuwa wanasoma mikataba kwenye simu ndani ya matatu, wallahi niliona kwa macho yangu, mtu amesimama feri anafukunyua kurasa za mkopo wa reli. Miaka minane tangu kusainiwa. Hizo siku 21 za sheria zilikuwa wapi? Ndo maana nikasema muda ni sehemu ya haki yenyewe, hati ikifika baada ya kazi kupotea na malori kuuzwa inabaki kuwa ya historia tu. Hata hivyo uamuzi ule umebaki, na kama kipengele cha siri kwenye mkataba wa reli ya mabilioni hakikuweza kusimama mbele ya ibara ya 35, basi mtaro wa Kisauni una siri gani?

Na si kwamba Mombasa tumeanza kuuliza juzi. MUHURI walikagua miradi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, kule Changamwe mwaka 2007, kabla ya katiba mpya na kabla ya sheria yoyote ya habari, wakazunguka na wananchi mradi kwa mradi wakilinganisha karatasi na kilichojengwa. Hii sheria tuliyonayo sasa ni silaha waliyoitamani wao.

Kuna habari zinazozuiwa kwa haki na mi naziunga mkono. Kifungu cha 6 kinalinda usalama wa taifa, faragha ya mtu, biashara ya mtu, mambo kama hayo. Ile orodha ya basari kwa mfano, sitaki majina ya watoto wa watu na hali za kwao zitembee kwenye grupu za WhatsApp. Lakini wanaweza kufuta majina wakakupa mgao kwa shule na kiasi, sheria inaruhusu kutoa sehemu na kuficha sehemu. Ofisa akikwambia "hii ni siri" kwa faili zima, muombe aandike ni kifungu gani na ni ukurasa upi.

Sasa niseme kile ninachokitaka hasa. Kila ofisi ya umma ina ile bodi kubwa ya mkataba wa huduma pale mlangoni, ina safu ya huduma, safu ya mahitaji, safu ya malipo, safu ya muda. Ukisoma utaona leseni, vibali, vyeti, kila kitu kina bei na siku zake. Ombi la habari kwenye nyingi nilizosimama mbele yake halimo. Halimo kabisa! Na kama halimo kwenye bodi, kwa karani hiyo huduma haipo, na kwa mwananchi bei yake ni ile atakayotajiwa. Nataka mstari mmoja uongezwe, kwa Kiswahili, kwenye kila ofisi ya kaunti na ya serikali kuu hapa Mombasa, kuanzia kwa chifu: kuomba habari, barua au kwa mdomo, bure, siku 21, malipo ya kopi peke yake. Chini yake jina la cheo cha mhusika na imeili inayofanya kazi. Hiyo rangi ya kuandikia haifiki bei ya chai ya semina moja. Kanuni za jumla za sheria hii zilichukua hadi 2023 kutoka, miaka saba, tusisubiri saba mingine kwa mstari mmoja.

Na kuna jambo moja wabunge wetu wangeiga. India walipotunga sheria yao 2005 waliweka ada ndogo ya rupia 10 kwa ombi, masikini hawalipi, lakini wakatia kipengele kwamba ofisi ikichelewesha zaidi ya muda, habari inatolewa bila malipo yoyote, na ofisa aliyechelewesha bila sababu anaweza kutozwa rupia 250 kwa kila siku, mpaka 25,000. Kwetu muda ukipita anayegharimika ni mwombaji. Bi mkubwa wangu akifunga meza yake ya mahamri asubuhi moja kufuatilia barua, biashara ya siku hiyo imekwenda, bado nauli, tuktuk mpaka barabarani, matatu kupita daraja la Nyali, halafu "njoo kesho". Hiyo ndo ada kubwa kuliko zote na haiko kwenye kanuni yoyote. Ofisi ikichelewa, iwe ndo inabeba gharama, hata ya hizo kopi.

Mtaro wetu, BQ nimeshapata. Kuna urefu umeandikwa mle ambao vijana wa mtaa washatoka na tepu kuulinganisha na kilichopo chini, na havilingani. Cheti cha kumaliza kazi bado sijapewa, muda umepita, na ombi la Tume kulipitia lishapelekwa.

Kwa anayetaka kuanza leo, barua yangu ilikuwa fupi hivi, ibadilishe upendavyo:

"Kwa Ofisa wa Upatikanaji wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya na mkaazi wa (mtaa wako). Kwa mujibu wa ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016, naomba nakala za: (taja hati moja moja, mradi, wadi na mwaka wa fedha). Naomba nitumiwe kwa imeili. Ikiwa kuna gharama ya kopi naomba nijulishwe kwa maandishi kiasi na hesabu yake kabla ya kutolewa. Ikiwa hati haziko kwenu, naomba ombi hili lihamishwe kwa wenye nazo na nijulishwe. Ikiwa sehemu yoyote itazuiwa, naomba nielezwe kwa kifungu gani, na nipewe sehemu iliyobaki."

Jina, kitambulisho, simu, tarehe. Printi mbili. Moja waachie, nyengine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uipige picha palepale kabla hujatoka, kisha fungua kalenda ya simu uweke alamu siku ya 21.